Shaba inaongezeka, mshahara unabaki nyuma: kwa kila dola 100, mfanyakazi wa Kongo anapata ngapi?

Saa kumi na moja asubuhi, giza halijaisha, barabara za Kolwezi zinajaa mabasi. Wanaume, na wanawake wachache, wanasubiri kandokando ya lami wakishika kofia ngumu mkononi. Mmoja anapanda basi la kampuni ya madini yenyewe. Jirani yake, waliotoka lupango moja, anapanda basi la kampuni nyingine ndogo, ya sous-traitance, iliyopewa kazi na ile kubwa. Wote wawili wanakwenda kwenye shimo lilelile, na pengine wataendesha mashine za aina moja hadi jioni. Mwisho wa mwezi, hawapati kiasi kimoja.

Lualaba na Haut-Katanga tofauti hiyo inajulikana hata kwa watoto. Katika hesabu za uchumi ina jina lake pia: ni sehemu ya kazi katika pato la taifa. Kinshasa, hotuba nyingi husema uchumi umekua kwa asilimia ngapi. Hesabu ya nani amepata nini katika kukua huko haitajwi mara nyingi, ingawa ndiyo ingemgusa zaidi mtu anayesubiri basi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua vitu vyote nchi inavyozalisha kwa mwaka, ondoa gharama ya vilivyotumika kuvizalisha, kama mafuta, umeme, asidi, mbegu na usafiri. Kinachobaki ni pato la kugawana. Upande mmoja wanakaa wenye kutoa jasho: mishahara yao, marupurupu yao, na pesa ambazo mwajiri anawalipia CNSS. Upande wa pili wanakaa wenye mali: faida ya kampuni, riba ya benki, kodi ya nyumba na ya ardhi. Serikali inamega kwa pande zote mbili.

Kwa dunia nzima, Shirika la Kazi Duniani (OIT) lilikadiria kwamba mwaka 2004 wafanyakazi walipata karibu dola 54 kwa kila dola 100 za pato. Mwaka 2024 walipata dola 52 na senti kadhaa. Kupungua huko kunaonekana kudogo, lakini kwa mwaka huo mmoja wa 2024 OIT ililihesabu pengo hilo kuwa dola bilioni elfu 2 na mia 4 ambazo zingeingia mifukoni mwa wenye kufanya kazi kama mgawanyo ungebaki ulivyokuwa. Karibu mbili ya tano za anguko hilo zilitokea katika miaka ya Covid-19 peke yake.

Uchumi unaokua upande mmoja

Kongo ina hadithi yake. Mwaka 2022 na mwaka 2023, uchumi wa nchi ulikua kwa zaidi ya asilimia 8 kila mwaka. Aliyeusukuma ni mgodi. Mwaka 2018 RDC ilitoa tani milioni 1.2 za shaba. Mwaka 2023 ilitoa zaidi ya tani milioni 2.8. Leo nchi ni ya pili duniani kwa shaba, nyuma ya Chile, na kwa kobalti hakuna anayeikaribia. Katika muda huohuo, Benki ya Dunia inakadiria kwamba karibu Wakongomani watatu kati ya wanne waliishi mwaka 2024 kwa chini ya dola 2.15 kwa siku.

Watu wengi wanaona hapo wizi tu. Wizi upo, na mahakama za nchi zina mafaili yake. Lakini hata kama kila senti ingeandikwa vizuri kwenye vitabu, mgodi wa viwanda ungeacha kidogo tu kwa wafanyakazi, kwa sababu ya namna unavyofanya kazi. Lori moja la mgodini linabeba zaidi ya tani mia moja za mawe, na lina dereva mmoja. Mashine ndiyo inayofanya kazi ya watu mia, na mashine ina mwenyewe.

Chukua mfano, si wa kampuni yoyote iliyopo. Mgodi una wafanyakazi 10,000, na kila mmoja analipwa kwa wastani dola 500 kwa mwezi, mshahara ambao wengi mjini Kolwezi wangeupokea kwa mikono miwili. Kwa mwaka, hiyo ni dola milioni 60. Mgodi huo unatoa tani 200,000 za shaba, unaziuza kwa dola 9,000 kila tani: dola bilioni 1 na milioni 800. Sema nusu yake inaishia kwenye mafuta, umeme, asidi na malori ya kwenda bandarini. Inabaki milioni 900 za kugawana. Wafanyakazi wote kwa pamoja wana milioni 60, yaani chini ya dola 7 kwa kila 100.

Sasa weka hizo dola 7 karibu na 52 za dunia. Kadiri mgodi unavyochukua nafasi kubwa zaidi katika uchumi wa nchi, ndivyo sehemu ya wafanyakazi inavyovutwa chini, hata kama hakuna mshahara wa mtu yeyote uliopunguzwa. Ndiyo maana nchi inaweza kutangaza asilimia 8 na soko la Kenya mjini Lubumbashi lisione tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo hotuba zinaliruka. Faida ya mwenye hisa aliye Beijing, London au Toronto inahesabiwa katika pato linalozalishwa ndani ya mipaka ya Kongo. Ikishatumwa nje, haimo tena katika pato la Wakongomani. Mizani inayotangazwa kwenye redio ni ile ya kwanza, ambayo ni kubwa zaidi.

Wenye kampuni nao wana jibu, na si la kutupwa. Wanasema waliingiza mabilioni ya dola kabla ya kuchota hata ndoo moja ya shaba, kwamba umeme wa SNEL hautoshi na wanauagiza kutoka nje, kwamba bei ya kobalti inaweza kuanguka wakati wowote. Ilianguka kweli: mwezi Februari 2025 serikali ilifunga usafirishaji wa kobalti nje ili kuinua bei, kisha mwezi Oktoba ikaweka kiwango maalumu kwa kila kampuni. Hatari ya biashara ipo. Swali ni kwa nini, bei ikianguka, kibarua ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani, na bei ikipanda, jina lake halimo kwenye orodha ya wa kwanza kupata.

Mshahara uliopungua bila barua

Mwezi Mei 2018, amri ya serikali iliweka kima cha chini cha mshahara, SMIG, kuwa franka 7,075 kwa siku. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu franka 1,600, kwa hiyo siku moja ya kazi ilikuwa na thamani ya karibu dola 4 na nusu. Miaka sita ikapita, amri haikubadilika hata herufi. Mwisho wa mwaka 2024 dola ilikuwa imepita franka 2,800. Zile franka 7,075 zilikuwa zimebaki dola 2 na nusu.

Hakuna bosi aliyeandika barua ya kupunguza mshahara. Hakuna mkutano wa sendika uliojadili jambo hilo. Zaidi ya mbili ya tano za malipo ziliyeyuka zenyewe, huku kodi ya nyumba Lubumbashi, Kolwezi na Goma ikiendelea kudaiwa kwa dola, na mfuko wa unga wa mahindi kutoka Zambia ukifuata bei ya dola. Aliyekuwa anauza nje kwa dola na kulipa kwa franka alipata faida bila kusogea kwenye kiti chake. Hapo ndipo sehemu ya kazi inapohama kwenda upande wa pili, kimya kimya.

Ni kweli, mfanyakazi mwenye mkataba mzuri katika kampuni kubwa ya madini halipwi SMIG. Analipwa zaidi, na mara nyingi kwa dola. Lakini SMIG ndiyo sakafu ambayo wengine wote wanasimama juu yake: mlinzi wa usiku, mfagiaji, mpishi wa kantini, kibarua wa mashamba ya Kivu, mtumishi wa duka.

Mwezi Mei 2025 serikali ya Waziri Mkuu Judith Suminwa ilipandisha sakafu hiyo hadi franka 14,500 kwa siku, na kupanga ifike 21,500 kuanzia Januari 2026. Kwenye karatasi ni mara tatu ya kiwango cha 2018. Kwa dola, ile hatua ya kwanza ilimrudisha mfanyakazi karibu na pale alipokuwa miaka saba nyuma, na kidogo juu yake. Baadaye, katika miezi ya mwisho ya 2025, franka ilipata nguvu ghafla mbele ya dola, na zamu hii wakawa wale wanaolipwa kwa dola wanaolalamika sokoni, kwa sababu bei za vitu kwa franka hazikushuka kwa kasi ileile. Katika uchumi wenye pesa mbili, kuna siku zote anayeshika ile isiyofaa.

Kofia mbili, shimo moja

Mwezi Novemba 2021, shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ, kituo cha msaada wa kisheria cha Kolwezi, yalitoa uchunguzi juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba. Yalikuta kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi hawakuajiriwa na mgodi, bali na kampuni za sous-traitance. Yalipiga pia hesabu ya kiasi ambacho familia inahitaji Kolwezi ili ile, ilale, itibiwe na kusomesha watoto: dola 402 kwa mwezi. Wengi kati ya wafanyakazi waliohojiwa walikuwa chini ya kiasi hicho.

Sous-traitance yenyewe si kosa. Sheria ya Februari 2017 iliifungia kwa kampuni ambazo Wakongomani wana hisa nyingi zaidi, na ikakataza kampuni ndogo kupewa zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya soko. Wazo lilikuwa zuri: pesa za mgodi zibaki mikononi mwa wafanyabiashara wa nchi. Lakini tazama nani hasa sheria hiyo ilimlenga. Ilimlenga mwenye kampuni Mkongomani. Mfanyakazi wake hakuongezewa kitu. Kati ya pesa ambayo mgodi unatoa kwa kazi ya mtu mmoja na pesa inayomfikia mtu huyo, sasa amesimama mtu wa tatu, naye anataka faida yake. Mgawanyo kati ya mtaji wa nje na mtaji wa ndani umebadilika kidogo. Mgawanyo kati ya mtaji na kazi haukubadilika, au umekuwa mbaya zaidi.

Kuna faida nyingine kwa mgodi. Wafanyakazi waliogawanyika katika kampuni ishirini hawana sendika moja. Mwenye kofia ya kampuni mama hawezi kugoma kwa ajili ya mwenye kofia ya kampuni ndogo, na huyu wa pili anajua kwamba mkataba kati ya kampuni hizo mbili ukivunjwa, kazi yake imekwisha na hakuna wa kumdai.

Mwenye chukudu yuko upande gani?

Mpaka hapa hesabu imehusu watu wenye bosi. Wakongomani wengi hawana. Zaidi ya wanane kati ya kumi wanaishi kwa kazi isiyo na mkataba, na wengi wao wanajiajiri wenyewe.

Goma kuna sanamu ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, na inastahili. Mwenye chukudu anashuka na makabichi au makala kutoka Kibumba, jioni ana pesa mfukoni. Je, pesa hiyo ni mshahara au ni faida? Chukudu ni mali yake. Ameinunua au ameichonga, itachakaa siku moja na atatafuta nyingine. Miguu na mabega ni yake pia. Mama anayeuza ndizi Bukavu, mkulima wa maharagwe Rutshuru, mchimbaji wa dhahabu Kamituga mwenye sululu yake: wote ni mfanyakazi na mwenye mtaji katika mwili mmoja.

Takwimu nyingi za nchi maskini zilikuwa zikiwaweka watu hao upande wa wenye mali, kwa sababu tu hawapokei mshahara. Mwaka 2002 mwanauchumi Douglas Gollin alionyesha kosa hilo. Jasho la wanaojiajiri likihesabiwa kama kazi, sehemu ya kazi katika nchi nyingi, tajiri na maskini, inakaribiana: kati ya asilimia 65 na 80.

Hapo kuna mtego. Mtu anaweza kuchukua hesabu hiyo na kusema Wakongomani hawana shida, sehemu yao ni kubwa. Lakini kijiji ambacho kila mtu analima kwa jembe la mkono na hakuna mwenye trakta kina sehemu ya kazi karibu asilimia 100, na kina njaa. Asilimia kubwa ya kitu kidogo ni kidogo. Kongo ina sufuria mbili za bukari: moja kubwa inayozidi kukua, ambamo wafanyakazi wanapata kijiko, na nyingine ndogo wanayogawana mamilioni. Wastani wa sufuria hizo mbili hauelezi lolote juu ya anayekula.

Walipokuwa na baba na mama

Wazee wa Katanga hawahitaji takwimu hizo ili kulinganisha. Union Minière, na baadaye Gécamines, ililipa mshahara mdogo wa pesa na kuongeza nyumba ya kambi, shule, hospitali na posho ya unga. Watu walisema kazi ndiyo baba na mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya wana wa shaba walioachwa na baba huyo.

Si vizuri kuipamba enzi hiyo. Mwezi Desemba 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière walipogoma wakitaka mshahara uongezwe, walijibiwa kwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, alikuwa kati ya waliouawa. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliliweka tukio hilo kwenye turubai zake miaka thelathini baadaye. Sehemu ya kazi nchini Kongo iliwahi kupiganiwa, na walioipigania hawakulipwa.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka na kuajiri zaidi ya watu 30,000. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, nchi ikaporomoka nao, na miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Kuanzia 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wenye malimbikizo ya mishahara ya miezi mingi waliondolewa kwa mkupuo, mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi bado wapo wanaodai kwamba hiari hiyo hawakuiona.

Shaba ilirudi, mara sita ya ile ya enzi za Gécamines. Nyumba, shule na posho hazikurudi kwa kiasi hicho. Sehemu inayowafikia watu sasa inapitia njia nyingine, ya kodi. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaipa serikali asilimia 10 ya hisa bila malipo. Inatoza asilimia 3.5 kwa shaba na 10 kwa kobalti, na inaamuru asilimia 15 ya tozo hiyo iende moja kwa moja kwa mji, komine, sekta au uchifu wenye mgodi. Kila kampuni inatakiwa pia kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa vijiji jirani. Pesa hiyo inaonekana pale madarasa yanapojengwa. Lakini darasa halimsaidii kulipa kodi ya nyumba mtu anayesubiri basi, na meya hawezi kuchukua nafasi ya mkataba wa kazi.

Siku 22

Kuhusu mkataba, sheria ya kazi ya Oktoba 2002 ina kifungu ambacho vibarua wengi hawajawahi kusomewa. Mtu aliyeajiriwa siku kwa siku, akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, na mwajiri akamchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho, hata kama hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Tangu hapo ana haki ya likizo, ya taarifa kabla ya kufukuzwa, na ya kuandikishwa CNSS, ambako mwajiri anachangia asilimia 13 ya mshahara na yeye asilimia 5. Ni pesa, na kwa hesabu ya mwaka mzima si kidogo.

Kifungu hicho kina mlango wa nyuma. Anayempumzisha kibarua wake baada ya siku ya 21 na kumwita tena miezi miwili ikipita hajavunja neno lolote la sheria. Na anayeipita siku ya 22 bila kubadilisha kitu anajua kwamba inspekta wa kazi ana eneo kubwa na mara nyingi hana gari.

Kwa kibarua, ushahidi mara nyingi ni daftari tu: tarehe, mahali, jina la aliyemwita, kiasi alicholipwa. Penye sendika, mjumbe wake anaweza kulipeleka kwa mkaguzi wa kazi. Pasipo na sendika, mwenyewe anaweza kulipeleka bila wakili.